Nyumba Imehifadhiwa, Uwanja Uko Wapi?

Ndugu msikilizaji, katika jiji la Dar es Salaam neno "Makumbusho" hutamkwa maelfu ya mara kila siku. Makondakta wa daladala hulipiga kelele tangu alfajiri, abiria hulijibu kwa kugonga bati, na wauza matunda, mafundi simu na mama lishe wamejipatia riziki chini ya jina hilo. Lakini ukiwauliza wanaoshuka kituoni hapo kinachokumbushwa ni kitu gani, wengi watakutazama tu. Jina limekuwa kubwa kuliko chanzo chake.

Chanzo chake ni Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, eneo la Kijitonyama. Kilianzishwa katikati ya miaka ya 1960, nchi yetu ikiwa bado changa, kama sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Nia yake ilikuwa njema na iko wazi. Tanganyika ilikuwa imerithi kutoka kwa wakoloni jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Watu wazima waliojitawala hawangeweza kuridhika na hilo. Ilitakiwa mahali ambapo mtoto wa mjini angeona kwa macho yake kwamba babu zake nao walikuwa na mafundi, walikuwa na vipimo, na walijua kupambana na mvua, baridi, simba na adui. Basi nyumba zikajengwa: msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, nyumba ya Wazaramo, ya Wachaga na nyinginezo, kila moja kwa vifaa na kwa ufundi wa watu wake.

Nimekwenda pale mara kadhaa, na ningemshauri kila mzazi mwenye nafasi ya Jumapili moja awapeleke watoto wake. Hata hivyo, leo nataka kuzungumzia jambo ambalo kijiji kile hakiwezi kutuonyesha. Nililielewa vizuri nilipofika Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwenye baadhi ya nyumba za namna hiyo zilikozaliwa.

Kwanza, tujue kwamba utaratibu wa kukusanya nyumba za mashambani na kuzipanga katika uwanja mmoja haukuanza kwetu. Mwaka 1891, katika jiji la Stockholm nchini Sweden, bwana mmoja aitwaye Artur Hazelius alifungua makumbusho ya wazi yaitwayo Skansen. Alikuwa ameona jinsi viwanda na reli vilivyokuwa vikiwaondoa watu mashambani, akaogopa kwamba baada ya muda mfupi hakuna ambaye angekumbuka mkulima wa Sweden aliishi vipi. Akanunua nyumba za zamani kutoka pande mbalimbali za nchi, zikafunguliwa boriti kwa boriti na kujengwa upya mjini. Mtindo ukaenea Ulaya nzima, kisha ukafika kwetu. Majirani zetu wa Kenya wana Bomas of Kenya, nje kidogo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1971. Wasukuma wana makumbusho yao Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za padri Mkanada, David Clement, pamoja na Wasukuma wenyewe.

Sasa tazama, msikilizaji, makumbusho ya namna hii hufanya kazi gani. Huichukua nyumba na kuiacha ardhi. Haliepukiki hilo, kwa sababu huwezi kubeba kilima. Lakini kuna makabila ambayo ukiichukua nyumba yao ukaiacha ardhi iliyoizunguka, umechukua kofia ukamwacha mwenye kichwa. Wairaqw, Wabarabaig na Wahadzabe ni miongoni mwao.

Tuanze na Wairaqw, ambao wengi mjini huwaita Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu, ni ya jamii ya Kikushi, yenye undugu wa mbali na Kisomali na Kioromo. Kiini cha nchi yao ni nyanda za juu za Kainam, jirani na mji wa Mbulu, sehemu wanayoiita Mama Isara. Kuna baridi huko. Asubuhi ukungu hupanda kutoka Bonde la Ufa, na mtu wa pwani kama mimi hujuta kutobeba sweta la pili.

Wairaqw walikuwa na nyumba ambayo ilinishangaza. Mjenzi huchagua mteremko, akachimba ubavu wa kilima, akasimamisha nguzo ndani ya shimo, akalaza boriti na fito juu, kisha akafunika paa lote kwa udongo. Ukija kutoka upande wa juu huoni nyumba. Unaona kilima kikiendelea, majani yakiota, na unaweza kutembea juu ya paa la mtu bila kujua. Mlango uko upande wa chini. Ndani walilala watu, na ndani pia walilala ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Ni nini kilichowafanya watu wajifukie namna hiyo? Jibu lililozoeleka ni vita. Henry Fosbrooke, aliyekuwa ofisa katika serikali ya kikoloni, aliandika habari za nyumba hizi miaka ya 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alizieleza kuwa ni kinga dhidi ya uvamizi wa makabila jirani, hasa Wamasai waliokuwa wakitafuta ng'ombe. Maelezo hayo yana nguvu. Adui asiyeona nyumba hana pa kushambulia, na ng'ombe aliyelazwa chini ya ardhi, nyuma ya kitanda cha mwenyewe, haibiwi kwa urahisi.

Lakini nyumba ile ilikuwa na kazi nyingine ambayo haikuhusu vita. Ng'ombe wanaolala ndani hutoa samadi, nayo samadi ilibebwa kila mara kwenda shambani. Wairaqw wa Kainam ni wakulima hodari. Mashamba yao madogo kwenye miteremko mikali yametunzwa kwa vizazi kwa mbolea, kwa matuta na kwa mifereji ya kupitisha maji ya mvua. Kwa muda mrefu wataalamu walisema walijifunza bidii hiyo kwa kuwa walizingirwa na maadui wasiweze kupanuka. Mwaka 2004 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Lowe Börjeson, aliandika kitabu kizima akipinga maelezo hayo. Kwa hoja yake, kilimo kile kilijengwa polepole, kwa kazi ya kila siku ya watu waliojua thamani ya ardhi yao, na hofu ya maadui peke yake haitoshi kukieleza.

Nani mwenye haki? Sipendi kuingilia ugomvi wa wasomi. Jambo ninalotaka ulione ni hili: nyumba, zizi, samadi na shamba vilikuwa kitu kimoja. Ukiichukua nyumba peke yake ukaiweka kwenye mchanga wa Kijitonyama, mgeni ataona pango na kusema, "Kumbe watu wa zamani waliishi mapangoni!" Hataona shamba, hataona mfereji, na hawezi kujua kwamba pango hilo lilikuwa kiwanda cha mbolea.

Jambo la pili ni kwamba Wairaqw hawakuwa na kijiji. Tafadhali lielewe vizuri hili, maana sisi tumezoea kudhani kila Mwafrika wa zamani aliishi kijijini. Mwiraqw alijenga peke yake, na jirani yake alijenga peke yake kwenye mgongo mwingine wa kilima, kwa umbali wa kuitana. Kilichowaunganisha hakikuwa mtaa. Ilikuwa ni eneo la ardhi waliloliita aya. Hapa sisemi aya ya kitabu. Aya ya Wairaqw ni nchi ndogo yenye mipaka inayojulikana, yenye wazee wake, na yenye matambiko ya kuilinda na kuitakasa. Mtu alikuwa wa aya fulani kwa sababu alilima na kuishi ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo uwanja uliokuwapo kati ya nyumba na nyumba ndio uliokuwa jamii yenyewe.

Wilayani humohumo Mbulu, katika mji mdogo wa Haydom unaojulikana sana kwa hospitali yake ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, kipo kituo cha utamaduni ambacho watu hukiita kwa kifupi 4CCP. Jina hilo linahusu pembe nne, na kisa chake ni cha ajabu. Eneo hilo ni miongoni mwa sehemu chache sana barani Afrika ambapo watu wa makundi makubwa manne ya lugha ni majirani: Wairaqw ambao ni Wakushi, Wadatoga ambao ni Waniloti, Wanyiramba na Wanyisanzu ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wenye lugha ya kubofya ulimi. Kituo hicho kimeweka nyumba za asili za makabila hayo mahali pamoja, na vijana wa hapo hujifunza ngoma na historia za majirani zao. Ni kazi nzuri. Na tofauti na Dar es Salaam, huko ukimaliza kutazama unaweza kutoka nje ya uzio na kuiona nchi yenyewe.

Nami nilitoka nje ya uzio. Nilifuata njia ya kusini mpaka Hanang, wilaya ambayo wengi wetu mjini tulilisikia jina lake kwa majonzi Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na umesimama peke yake juu ya tambarare. Tambarare hizo ndizo nchi ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga. Majirani wengi huwaita Wamang'ati, jina linalotokana na Kimasai na maana yake ni adui. Hebu fikiria kuitwa maisha yako yote kwa jina ulilopewa na mtu uliyepigana naye.

Nyumba ya Mbarabaig si ya kuchimbia kilimani. Ni nyumba fupi ya nguzo na fito, imekandikwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na yote imezungushiwa boma la miiba pamoja na zizi. Mjenzi wa mjini ataiangalia na kusema haina thamani. Fundi wa makumbusho akiijenga upya atamaliza kazi kwa siku chache. Lakini nyumba hiyo nyepesi ilifuatana na elimu nzito. Mbarabaig aliigawa nchi kwa aina ya malisho: ya milimani, ya kando ya maziwa, ya vichakani, ya mbugani. Kila aina ilikuwa na majira yake ya kulishwa na majira yake ya kupumzishwa. Malisho bora kuliko yote yalikuwa katika tambarare za Basotu, sehemu wanazoziita muhajega, zenye udongo mzuri na majani matamu. Kwa sababu yalikuwa bora hayakuliwa mwaka mzima. Yalitumiwa kwa majira, kisha ng'ombe wakaondolewa ili majani yaote tena.

Sasa, msikilizaji, weka akilini picha hiyo: nchi nzuri, ya majani marefu, isiyo na nyumba wala ng'ombe kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mwenyewe anaiona kuwa ni ghala lake la akiba. Mgeni anayepita na gari anaiona kuwa ni pori tupu.

Na mgeni alikuja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu ilitafuta njia ya kuacha kuagiza ngano kutoka nje. Watu wa mjini tulikuwa tumependa mkate, na mapenzi hayo yaligharimu fedha za kigeni. Serikali ya Kanada ikakubali kusaidia. Shirika la umma la NAFCO likapewa tambarare za Basotu, na kuanzia hapo hadi miaka ya 1980 yakafunguliwa mashamba saba makubwa, moja baada ya jingine, ambayo kwa ujumla yalifikia ekari zipatazo laki moja. Matrekta yakaja, na mashine za kuvunia, na wataalamu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ilitoka huko. Mimi na wewe, kama ulikuwa mjini miaka hiyo na ulipata mkate katika duka la ushirika baada ya kupanga foleni, huenda tulikula muhajega bila kujua.

Sisemi kwamba ngano ni dhambi. Taifa lazima lile. Ninachosema ni kwamba hatua ile iliwezekana kwa sababu macho ya wapangaji yalifundishwa kuona nyumba na hayakufundishwa kuona uwanja. Mahali penye nyumba wanaita makazi, mahali pasipo na nyumba wanaita pori. Na nyumba zenyewe za Wabarabaig zilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata zilipokuwapo hazikuhesabiwa.

Kulikuwa na majengo mengine pia, nayo hayakuwa mepesi. Mbarabaig mzee mwenye heshima anapofariki hufanyiwa mazishi makubwa yanayochukua miezi, na juu ya kaburi lake hujengwa kilima cha udongo kirefu kuliko mtu, kiitwacho bung'eda. Huko watoto na wajukuu hurudi kuomba na kukumbuka. Kwa hiyo hawa watu wanaohamahama, ambao tunaambiwa hawana mahali, walikuwa na majengo ya kudumu. Walio hai walijengewa fito, marehemu walijengewa kilima. Ukitaka kujua nchi ya Mbarabaig inaishia wapi, usihesabu nyumba, hesabu makaburi. Mashamba ya ngano yalipopanuliwa, mengi ya makaburi hayo yalibaki katikati ya ngano, na mengine yalipitiwa na jembe la trekta.

Wananchi hawakunyamaza. Mwaka 1981 baraza la kijiji cha Mulbadaw pamoja na wananchi 67 waliishitaki NAFCO katika Mahakama Kuu huko Arusha. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu. Ilisema kwamba baraza la kijiji halikuthibitisha kuwa liligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na kwamba wananchi walioshitaki hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyotakiwa na sheria ili wapate haki za kimila. Tafakari, msikilizaji. Watu wanadai ardhi yenye makaburi ya babu zao, wakili wa upande wa pili anauliza kama wamethibitisha kuwa ni wenyeji, na sheria inajibu kwamba hawakuthibitisha.

Miaka ya mwisho ya 1980 zilitolewa amri za serikali za kufuta haki za kimila katika ardhi kama hizo. Baadaye Kanada ilimaliza misaada yake, na NAFCO yenyewe ikaja kuvunjwa katika sera ya ubinafsishaji. Wenye ngano waliondoka, na maswali yao wakayaacha huko huko Basotu.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye neno "kijiji". Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa mashambani awe ndani ya kijiji. Zikafuata operesheni. Serikali ilipotoa hesabu, watu zaidi ya milioni 13 walikuwa vijijini. Mbulu na Hanang hazikuachwa. Wairaqw walioishi kwa kutawanyika juu ya migongo ya vilima walitakiwa kujipanga katika mistari. Wabarabaig waliofuata majira walitakiwa kutulia. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na wako wengi waliosoma kwa sababu ya vijiji hivyo. Siwezi kulificha hilo. Lakini shamba lenye samadi lilibaki kule juu, na mkulima akawa anatembea saa nzima kulifikia. Malisho yalibaki kule mbali, na ardhi iliyoachwa nyuma ikawa rahisi zaidi kuitwa tupu.

Nikitazama nyuma naona jambo la kufikirisha. Katikati ya miaka ya 1960 taifa lilijenga Kijiji cha Makumbusho na kuziweka pamoja nyumba za watu ambao wengine hawakuwahi kuishi katika kijiji. Muongo mmoja baadaye taifa hilohilo liliwahamisha watu wenyewe na kuwaweka kwenye vijiji. Sisemi kwamba moja lilisababisha lingine. Nasema yote mawili yalitoka katika macho yaleyale, yanayoona nyumba kuwa kitu kinachoweza kung'olewa na kupandwa popote.

Wahadzabe ndio waliopata somo hilo mapema zaidi. Wao huishi kwa kuwinda na kukusanya mizizi, matunda na asali katika bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi. Nyumba yao ni kibanda cha matawi na majani ambacho mwanamke hukisimamisha kwa saa moja au mbili, na kuhama kwao si tatizo la makazi, ndiyo riziki yenyewe. Mwaka 1964 waliletwa Yaeda Chini ili wakae katika makazi ya kudumu, walime na wasome. Wengi waliugua, baadhi wakafariki, na waliobaki wakarudi porini. Majaribio kama hayo yalirudiwa baadaye, na matokeo hayakutofautiana sana.

Lakini ni Wahadzabe haohao waliotuonyesha njia nyingine. Tume ya Rais iliyochunguza mambo ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilisikiliza vilio vya wananchi nchi nzima. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo inatambua kwamba haki ya kimila inaweza kumilikiwa na mtu mmoja au na jamii kwa pamoja, na kwamba inaweza kuandikiwa hati. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya namna hiyo kwa jumuiya yao, wakisaidiwa na shirika la Kitanzania liitwalo Ujamaa Community Resource Team. Hati hiyo haikuandikiwa vibanda vyao. Iliandikiwa nchi: miti, mizizi, nyuki, njia za wanyama na mahali pa maji. Kwa mara ya kwanza uwanja kati ya nyumba na nyumba ulipata karatasi. Watu ambao nyumba yao ni nyepesi kuliko zote wakawa na ushahidi mzito kuliko majirani zao wengi.

Najua yuko msikilizaji atakayeniuliza: je, unataka watu warudi kwenye tembe za chini ya ardhi? La, hasha. Mzee mmoja wa Kainam niliyemwamkia shikamoo njiani, akanikaribisha kwake, ana nyumba ya matofali na bati, na kibatari amekiacha zamani, anatumia umeme wa jua. Nilipomuuliza habari za nyumba za kuchimbia alicheka, akanieleza moshi wake, viroboto wake na kikohozi cha watoto. Haitamani hata kidogo. Lakini aliponitoa nje kunionyesha shamba alibadilika. Alijua kila tuta lilijengwa na nani, mfereji upi ulichimbwa na baba yake, na mpaka wa aya unapita wapi. Ng'ombe wake sasa wana banda lao pembeni, ila samadi bado inakwenda kwenye shamba lilelile. Nyumba aliiacha bila majuto. Uwanja hajauacha.

Basi nina maombi kwa wanaosimamia makumbusho yetu, ya Dar es Salaam na ya kwingineko. Nyumba mmetuhifadhia, na tunawashukuru. Sasa tuwekeeni na ramani ukutani. Kando ya kila nyumba mtuonyeshe nyumba ya pili ilikuwa umbali gani, ng'ombe walilisha wapi wakati wa masika na wapi wakati wa kiangazi, maji yalichotwa wapi, na wafu walizikwa wapi. Mtuambie pia nani yuko katika ardhi hiyo leo, na aliipataje. Karani na hakimu wa kesho ni watoto wa shule wanaoletwa hapo leo kwa mabasi. Wakifundishwa kuona nyumba tu, wataendelea kuita pori kila mahali pasipo na ukuta.

Na kwako, ndugu msikilizaji wa mjini, unapokata mkate asubuhi, jiulize ngano yake ilimea juu ya nini. Kuuliza hakukuzuii kula. Hadi wiki ijayo, nakutakia kazi njema.